Mfumo wa kubidi nyumba za kaunsili London: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya yule dada wa mapokezi

Wadau wa ughaibuni habari za masiku. Watu watatu wamenifuata inboksi baada ya kuona picha za nyumba wanauliza mama Zuhura umepataje, kama vile nimeenda kwa mganga, kwahiyo naandika mara moja hapa nisije nikarudia rudia. Hii ni rivyuu ya ile tovuti ya kubidi nyumba za kaunsili, yaani nyumba za kupanga za halmashauri. Kaunsili yangu siitaji jina, ndio landilodi wangu sasa hivi na sitaki maneno, jueni tu ni mashariki ya London na kaunsili nyingi huku zinatumia mfumo wa aina hiyo hiyo. Nimeutumia miaka sita na miezi minne. Nimebidi mara 211, nilikua naandika nyuma ya daftari la mchezo (upatu).

Kwanza hilo neno. Kubidi ya huku sio ile inabidi ya kwetu, ingawa inabidi ubidi. Wala sio mnada, hamna anaepandisha dau. Kila wiki, kwetu ni Alhamisi, wanabandika nyumba zilizo wazi, picha moja ya mlango, vyumba vingapi, ghorofa ya ngapi, lifti ipo haipo, kodi ya wiki shilingi ngapi (ok paundi), wewe unachagua tatu unabonyeza, halafu inakuambia uko namba ngapi. Siku ya kwanza nikaona 143 nikamwambia baba Zuhura tumekaribia. Alicheka mpaka chai ikampalia.

Na jamani acheni kuamka usiku wa manane kubonyeza. Shoga yangu alikua anaweka alamu kabisa. Kuwahi hakusaidii kitu, wanaangalia bendi kwanza, yaani daraja la shida yako, A ya juu mpaka D, halafu mkiwa bendi moja wanaangalia tarehe uliyoingia. Ukibonyeza Alhamisi saa sita usiku na aliebonyeza Jumapili baada ya pilau mko sawa tu.

Nianze na uzuri wake maana upo. Zamani ofisa ndio alikua anakaa na funguo na anaamua nani aende wapi, na nyie mnajua mtu mwenye funguo anakuaje. Sheria ya kwanza ya ubaguzi wa rangi hapa Uingereza ilitoka 1965 na nyumba haikuzigusa, mpaka 1968 ndio wakaziingiza, na hata baada ya hapo Tume ya Usawa wa Rangi ilivyoenda kuchunguza Hackney, hapa hapa London, ripoti ikatoka 1984, ikakuta watu weusi wanapewa nyumba mbovu kuliko wazungu wenye shida ile ile, wazungu wanapata zaidi nyumba mpya na zenye bustani, sisi maghorofa ya zamani. Hackney hiyo hiyo ambayo leo watu wanapiga picha wanakunywa kahawa. Kwahiyo huu mfumo wa kuchagua mwenyewe, ambao waliuiga Uholanzi kwenye mji wa Delft, ulikuja kumpunguzia ofisa nguvu. Nyumba ikishachukuliwa wanaweka matokeo, bendi gani imechukua na ya tarehe ipi. Unaona kwa macho. Mimi nimekulia Tanga ambako ukisema nyumba za Msajili, yale majumba yaliyotaifishwa 1971, kila mtu alikua na hadithi ya nani kamjua nani, kwahiyo kuona matokeo hadharani nilishangaa kidogo. Nyota mbili ziko hapo.

Sasa tuje kwenye ubaya.

Kwenye fomu kuna ukurasa unauliza asili yako, Mwafrika mweusi, Mwasia, Mzungu wa Uingereza, na chini wameandika haihusiani na maamuzi. Mimi nawaamini. Kompyuta haijui mimi Mdigo. Ila haina haja ya kujua, kuna vitu vingine vinaifanyia hiyo kazi, nitawaeleza.

Kimoja ni miaka ya kukaa. Tangu 2011 sheria iliwapa kaunsili ruhusa ya kujiwekea nani anastahili kuingia kwenye foleni, wengi wakaweka lazima uwe umekaa eneo lao miaka kadhaa. Kwetu ni mitano. Haya, sisi tulikua tumeshakaa mitatu kwenye kaunsili ya jirani, dalali akapandisha kodi, tukahamia fleti juu ya duka la kuku, ng'ambo ya barabara, yaani dirishani naiona nyumba niliyotoka. Ile barabara kumbe ndio mpaka. Tukaanza sifuri. Miaka mitatu yote imeliwa na zebra ya kuvukia barabara. Sasa niambieni nani anaehama hama London, ni mzungu ambae bibi yake alipewa nyumba hapo miaka ya sitini, au ni sisi wa kuja na landilodi anaetupa notisi kila akiamka vibaya? Sheria imeandikwa sawa kwa wote lakini inamkuta mtu yule yule. Na hili sio mimi tu nasema, kaunsili ya Hillingdon waliweka miaka kumi, wakashtakiwa na mama wa jamii ya Wairishi wanaohamahama na makaravani na baba mmoja mkimbizi Mkurdi, na 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema kaunsili imeshindwa kutetea huo ubaguzi. Mkutane na mtu anakwambia "sheria ni sheria" mpe hiyo.

Cha pili makaratasi. Hapa wabongo sikilizeni vizuri maana ndipo mnapodanganyana. Kama viza yako imeandikwa huruhusiwi fedha za umma, nyumba ya kaunsili sahau, hata kujiandikisha usijiandikishe. Hawa wadogo zetu waliokuja na viza ya kea kuanzia 2022, wanawaosha wazee wa watu usiku kucha, wanakatwa kodi, wamelala wanne chumba kimoja, hawana hata namba kwenye foleni. Aliejilipua, yaani aliyeomba ukimbizi, akakubaliwa anaruhusiwa, mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa, mwenye viza ya kazi hapana. Halafu kazini kwetu kuna mama mmoja, mtu mzuri tu analeta keki kila mwezi, anakwambia nyumba zote wanapewa Waafrika. Nikamuuliza wapi, nikajipange na mimi.

Ila nisiwe muongo, hoja yake ina mguu mmoja. Takwimu za serikali za 2016 mpaka 2018 zinasema England kaya 17 katika 100 ziko kwenye nyumba za kaunsili au za hausing asosiesheni (mashirika ya nyumba za jamii), na kwa Waafrika weusi ni 44 katika 100. Karibu nusu. Wahindi ni 7 tu. Ukiishia hapo unaweza ukasema tunapendelewa. Lakini tunaishi wapi? London, ambako kununua nyumba ni ndoto. Tunafanya kazi gani? Boksi na kea. Nyumba hizi wanapewa wenye shida, na shida huku ina rangi yake. Halafu endelea kusoma takwimu za serikali, fungua za kubanana: wazungu wa Uingereza kaya 2 katika 100 zimebanana, Waafrika weusi 16, Wabangladeshi 24. Anaesema tunapewa nyumba aje ahesabu magodoro.

Kubanana kwenyewe nako wana hesabu zao aisee, hii lazima niwasimulie. Tulikua watu wanne chumba kimoja na sebule. Zuhura miaka sita, Idi minne. Nikaomba tupandishwe bendi. Yule ofisa kwenye simu, mpole kabisa, akaniambia kisheria hamjabanana. Nikamwambia baba tunalala kwa zamu. Akanipigia hesabu: sebule nayo inahesabika chumba cha kulala, vyumba viwili ni watu watatu, na mtoto wa chini ya miaka kumi ni nusu mtu. Wazazi wawili, nusu na nusu ni mmoja, jumla watatu. Mmetosha. Nilidhani ananitania, kumbe ni kipimo cha tangu 1935 na bado kipo kwenye sheria. Kwa miaka minne Idi wangu alikua nusu mtu, na kelele zile!

Siku Zuhura alivyotimiza kumi tukakata keki na kesho yake nikapiga simu, mtoto wangu amekua mtu mzima mmoja kamili. Bendi ikapanda kweli, tukawa B. Lakini sasa msichana wa miaka kumi halali chumba kimoja na kaka yake, kwahiyo tukatolewa foleni ya vyumba viwili tukapelekwa ya vitatu, na vyumba vitatu kwenye tovuti unaweza ukaona viwili kwa wiki nzima. Vinne ndio usiseme, kama vitumbua saa nne asubuhi, umefika sinia lipo tupu. Nyumba kubwa kubwa waliziuza tangu 1980 walivyoruhusu mpangaji anunue, na watu hawakununua ghorofa ya kumi na nne, walinunua zile zenye bustani. Sasa familia zenye watoto watano sita ni zipi? Wasomali, Wabangladeshi, Wakongo. Ndio maana mtu anakaa bendi A miaka nane na bado yupo. Hamna aliemkatalia, nyumba yake haipo tu.

Kingine lugha. Jirani yetu mama Furaha ni mtu wa Bukavu, Kongo, Kiswahili chake kitamu balaa, mumewe ndio alikua anaongea na ofisi. Wakampa mkalimani kwa simu, Mswahili wa pwani kama mimi. Baba anasema bibi yangu ana pumu, ngazi zinamshinda. Kwao bibi ni mke! Mkalimani katafsiri bibi mzaa mama. Ofisi ikaandika barua inataka pasipoti na historia ya makazi ya huyo bibi, wao bibi yao kazikwa Kivu zamani, wakajibu bibi yetu amefariki, basi kipaumbele cha ugonjwa kikafutwa. Miezi mitano mpaka mimi nilivyoziona zile barua. Nilicheka halafu nikaona aibu kucheka. Hapo nimekata nyota moja nzima, tovuti yenyewe ina kitufe cha lugha lakini kinatafsiri menyu tu, barua zinakuja kwa Kiingereza cha mawakili.

Ukungu. Fleti ya juu ya kuku ukuta ulikua mweusi, Idi anakohoa kuanzia Oktoba mpaka Aprili, na dalali akaniambia tatizo ni mapishi yetu, nipunguze kuchemsha. Naona hayo maneno wameyafundishwa darasa moja, maana wazazi wa yule mtoto Awaab Ishak wa Rochdale, watu wa Sudan, nao waliambiwa mambo ya wanavyopika na wanavyooga mpaka mtoto wa miaka miwili akafa Desemba 2020, na ofisa wa kuchunguza vifo (coroner) akaja kusema 2022 ni ule ukungu. Sasa kuna sheria ina jina lake, kuanzia Oktoba 2025 landilodi wa nyumba za jamii hatari ya dharura aishughulikie ndani ya masaa 24 na ukungu mkubwa aje kuuchunguza ndani ya siku kumi za kazi. Kwa walioko kwa madalali bado haijafika. Ushauri wangu piga picha kila mwezi, tarehe ionekane, barua ya GP (daktari wako), ziaplodi zote. Mimi zilinisaidia kuliko kulia, na kulia nimelia pale mapokezi, ndio yule dada akanionyesha sehemu ya kuaplodi ambayo hamna mtu alikua ameniambia kwamba ipo. Mjamaika yule. Nusu nyota yake hiyo, namba yake ya ndani nimeihifadhi na simpi mtu.

Tulivyopata sasa. Jumatano mwezi wa pili simu, mko namba tatu, njooni muone. Mnaenda familia kadhaa siku moja, mnapeana salamu huku mnaombeana mabaya. Wa kwanza kakataa sababu ghorofa ya nne lifti mbovu, wa pili hakutokea, mimi nikasema ndio kabla yule kaka hajamaliza kufungua mlango. Kuwa mwangalifu na kukataa, kwetu ukikataa mara mbili wanakusimamisha. Hamna zulia, hamna jiko, vitasa vimelegea, lakini vyumba vitatu na dirisha la bafuni linafunguka. Kodi karibu nusu ya tuliyokua tunalipa kwa dalali.

Maswali ulizeni hapo chini, ila wa "niandikie fomu nikupe hela" wasinitafute. Mama Furaha wiki iliyopita alikua namba tisa kwenye ya vyumba vinne, alikua hajawahi kushuka chini ya ishirini. Kesho Alhamisi, nimemwambia aje na barua zote tubonyeze hapa kwangu, na yeye alete sombe.