Toyota DX au 110: unakagua nini kabla ya kutoa pesa

Corolla KE70, ile Wakenya wanayoiita DX, ilianza kutengenezwa 1979. AE110 ikaja 1995. DX inasukumwa na magurudumu ya nyuma na inatumia kabureta. Injini yake ya 4K ni cc 1290. 110 inavutwa na ya mbele, na nyingi zina injini ya 5A-FE ya cc 1498, valvu 16, mafuta yakiongozwa na kompyuta.

DX, nunua bodi. Injini ikifa, fundi ataweka nyingine ya ukoo wa K, hata 5K ya cc 1486. Bodi iliyooza haina dawa ya bei ndogo. Inua zulia upande wa dereva, sukuma sakafu kwa bisibisi, kisha kagua chini ya kioo cha mbele na pale shokomzoba ya mbele inaposhikwa na bodi. Bisibisi ikizama, achana nayo. Penye rangi mpya, gonga kwa kidole: bati hulia, pati (kijazo cha kuziba mashimo) ni bubu.

Shida yake ya kila mara ni pointi za distribyuta, vile vibati vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi. Gari likikataa kushika asubuhi, fungua kifuniko, zungusha injini mpaka pointi ziachane kabisa, upime nafasi kati yake: milimita 0.45. Upande mmoja ukiwa na shimo na wa pili kinundu, badilisha pointi pamoja na kondensa (kikopo kidogo cha umeme kilichoungwa nazo), maana kondensa mbovu ndiyo huhamisha chuma hivyo.

110, nunua injini. Ifuate asubuhi kabla haijawashwa. Shika boneti uhakikishe ni baridi. Mwenyewe awashe, wewe usimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja na kupotea ni sili za valvu, kasoro inayovumilika. Ukiendelea kutoka kila anapokanyaga mafuta injini ikiwa moto, ni ringi za pistoni, na hapo bei ishuke sana au uondoke.

Zima AC, acha gari lingurume likiwa limesimama mpaka feni ya rejeta ijiwashe. Jaribio hili wengi huliruka, nalo ndilo muhimu kuliko yote. Feni ya DX huzungushwa na mkanda wa injini. Ya 110 ni ya umeme. Ikifa, gari litakwenda barabara kuu bila tatizo, upepo ukilipooza, kisha lichemke kwenye foleni na kupinda silinda hedi ya alumini.

Kata kona stelingi ikiwa imefika mwisho: mlio wa ka-ka-ka ni sivijointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu za 5A-FE hazigongi pistoni, lakini gari huzimika hapo hapo.

Kwa foleni za kila siku Nairobi, chukua 110. DX inamfaa aliye na fundi wa kabureta karibu, nao wanazidi kupungua.