Ziara ya kahawa Kiambu na Nairobi: shamba zuri, ila kahawa inunue mjini

Kama uko Nairobi na unataka kuona shamba la kahawa, kwanza tazama kalenda. Ukanda wa Kiambu, Ruiru na Thika huvuna sana Oktoba hadi Desemba, na mavuno madogo huja katikati ya mwaka. Ukienda nje ya miezi hiyo utaoneshwa miti ya kijani na mashine zilizolala, na hutarudishiwa hata shilingi.

Mimi nilikwenda Novemba, shamba moja upande wa Kiambu linalopokea wageni. Matatu namba 100 kutoka mjini, kisha boda boda. Njiani unaona nyumba za ghorofa zinavyokula mashamba. Hata Tatu City ya leo ilikuwa ardhi ya kahawa. Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza bei ya mkaazi, maana wasipoulizwa wengine hukutajia ya mtalii.

Kijana aliyetutembeza alijua kazi yake. Alitupitisha kwenye miti ya SL28, aina ya kahawa iliyochaguliwa na maabara ya Scott kule Kabete miaka ya 1930, halafu akatuonesha Ruiru 11, iliyotolewa 1985 kwa ajili ya kuhimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Akachuma tunda changa la SL28 lenye doa jeusi lililobonyea la ugonjwa huo wa matunda, akaniwekea kiganjani. Hapo nikaelewa kwa nini mkulima anaweza kung'oa mti wenye ladha nzuri akapanda unaomwachia usingizi.

Penye utamu hasa ni kiwandani. Kabla ya kupima, wachumaji humwaga matunda juu ya magunia na kuyachambua: mekundu huku, mabichi kule, yaliyokauka pembeni. Nilimwamkia mama mmoja shikamoo, nikainama kumsaidia. Akaniitikia marahaba, kisha akalitoa tunda langu kwenye fungu jekundu. "Hilo limekauka, mwanangu. Hilo ni la mbuni." Mbuni ndiyo kahawa inayokaushwa na ganda lake, na bei yake iko chini. Mama huyo hulipwa kwa debe, kwa hiyo nikaacha kumpotezea muda.

Matunda yakishamenywa kwa mashine, punje hulala kwenye tangi mpaka ute uachie, ndipo zioshwe kwenye mfereji mrefu wa saruji. Nzito huzama, nyepesi husukumwa na maji mpaka mwisho. Tuliruhusiwa kutia mkono. Punje ambayo haijaiva tangini huteleza. Iliyo tayari inakwaruza vidole. Kwa hilo peke yake nauli yangu ilirudi. Baada ya hapo ni vitanda vya wavu, jua, na watu wa kugeuzageuza na kufunika mvua ikinukia.

Sasa lawama. Mwisho wa ziara tulikaangiwa kahawa kwenye sufuria juu ya makaa, haraka haraka, nusu imeungua nusu mbichi, tukaambiwa ndiyo "kuonja". Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa na kahawa chungu ya dele na haluwa, sikatai kahawa iliyoiva sana. Lakini ile ilikuwa moshi mtupu. Na pakiti za kuuza pale dukani hazikuwa na tarehe ya kukaangwa. Mgeni ametazama kazi yote ile ya mikono, halafu unamwekea kikombe kama hicho?

Kesho yake nilikwenda kwa mkaangaji mdogo upande wa Westlands, na hapo ndipo kikombe kilipofuata shamba. Mashine yake ni pipa linalozunguka. Joto likikaribia nyuzi 200 punje huanza kupasuka, na yeye anasikiliza mlio kuliko anavyotazama saa. Akatupanga mezani na vijiko, tukafyonza kwa kelele bila aibu. SL28 ya Nyeri ilikuwa na uchachu wa zambarau zilizoiva, safi kabisa, bila sukari. Ilinichukua vikombe viwili kuizoea. Ruiru 11 ilikuwa tulivu zaidi, na kusema kweli ningeweza kuinywa kila siku.

Huyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu AA, daraja linaloandikwa kwenye pakiti za kahawa. Watu wengi, mimi nikiwemo, huona herufi hizo wakalipa zaidi. Ni ukubwa wa punje tu: inayobaki juu ya chekeche lenye matundu ya zaidi kidogo ya milimita 7. PB, daraja jingine, ni punje ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Ladha haisomwi kwenye herufi.

Darasa la kuonja lilinigharimu kuliko shamba, na viti vilikuwa vichache, kwa hiyo piga simu mapema. Nilinunua robo kilo ya PB, nzima, tarehe imeandikwa kwa kalamu juu ya mfuko. Huna mashine ya kusaga? Watakusagia, ila waambie unapikia chombo gani. Nilipotaja dele, mkaangaji alicheka kisha akalegeza mashine ya kusaga ili unga uwe mnene.