Destroyer au Firebird kwa upepo wa Ziwa Tanganyika?

Ukiingia duka la michezo pale Mwanga ukaulizia diski ya gofu, kile kisahani cha kurushwa kwa mkono kuelekea shabaha, utaoneshwa mipira na jezi za Simba na Yanga. Hizi zangu mbili za kampuni ya Innova, Destroyer na Firebird, shemeji alinibebea kutoka Sweden, kwa hiyo habari za bei tuwaachie wanaoagiza wenyewe. Mimi nitasema zinavyoruka hapa Kigoma, kwenye uwanja wetu upande wa Ujiji, ambako mchana upepo wa ziwa unakupiga usoni.

Innova huzipa diski zake namba nne: kasi, kuelea, kupinda mwanzoni, na kukata mwishoni. Destroyer ni 12, 5, -1, 3. Firebird ni 9, 3, 0, 4, na kwa daraja iko chini ya diski za masafa marefu. Kwa sisi tunaorusha bekihendi (mkono unaanzia upande wa pili wa kifua) kwa mkono wa kulia, hiyo -1 ni kuelekea kulia kidogo diski ikiwa bado na mwendo. 3 au 4 ni kukata kushoto inapochoka. Upepo wa usoni ni sawa na kuiongezea kasi, hivyo diski laini, yaani inayopinda kirahisi, hupinduka kulia na kuishia kwenye mihogo ya watu. Hapo ndipo unapohitaji ngumu, isiyopinduka kirahisi.

Lakini 12 inadai mkono. Destroyer ina ukingo mpana wa sentimita 2.2, na ukiirusha polepole haielei kabisa, inakata kushoto mapema na kudondoka. Kuna kijana wangu wa kidato cha nne, mkono mrefu kama kasia, akiiachia inanyooka mpaka wenzake wanapiga mayowe. Mimi, mwalimu mwenye kitambi, Firebird ndiyo inanifikisha mbali zaidi. Naielekeza kulia kidogo, inakwenda chinichini, upepo haiujali, mwisho inarudi kushoto karibu na mwembe tulioufanya shabaha. Kwa maoni yangu, asiyefikisha mita 100 asihangaike na 12, hata kama jina linavutia.

Uzito, chukua ulio karibu na gramu 175. Kanuni ya PDGA, chama cha wachezaji wa gofu ya diski, ni gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na Destroyer ina sentimita 21.1, kwa hiyo huwezi kupita hapo. Nyepesi upepo wetu utaichezea. Plastiki nayo iangalie, Innova wana aina kadhaa: Star na Champion zinavumilia kokoto, DX ni nafuu ila ukingo wake huchakaa upesi, na ukishachakaa ule ugumu ulioulipia unapungua.

Halafu, jamani, msirushe kuelekea majini. Zote mbili zinazama, na Tanganyika si bwawa la kuingia ukapapasa kwa miguu.