Baada ya upasuaji wa endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake): mjaribu kupata mimba wenyewe au mwende maabara (IVF)?

Kama mirija ya uzazi iko wazi, hujafika miaka 35 na mbegu za mwenzako ni nzima, mimi ningejaribu kwa njia ya kawaida kwanza, miezi 6 hadi 12. Ute ukivutika kama ute wa yai bichi, siku za kushika mimba ndizo hizo.

Maabara inaruka mirija kabisa: mayai yanavutwa kwa sindano, yanakutanishwa na mbegu, kiinitete kinarudishwa tumboni. Ni ghali, na inachosha mwili na moyo. Lakini ukiwa na miaka 38, au uvimbe ulitolewa kwenye ovari zote mbili, tafadhali usisubiri mwaka. Upasuaji huo wenyewe unaweza kupunguza mayai, na yaliyopotea hayarudi. Omba mapema kipimo cha AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai.