Feni za friji ya motahomu: feni nzuri, karatasi ya maelekezo itupe

Nianze na namba, maana ndizo nilizozitafuta mimi kabla sijanunua. Kabla ya feni: saa nane mchana, nje nyuzi 36 kivulini, ndani ya friji 14. Baada ya feni, pamoja na kipande cha bati nitakachokieleza mbele: joto la nje lile lile, saa ile ile, ndani 7. Friji haijabadilika, gesi haijabadilika, na mlango unafunguliwa na watu wale wale wasiomaliza nusu saa bila kwenda kuchungulia. Kwa hiyo ukiniuliza kama zinafanya kazi, zinafanya. Ila nilizifunga mara tatu ndipo zikakaa sawa. Kosa la kwanza lilikuwa la karatasi iliyokuja nazo. La pili lilikuwa langu, na sitalificha.

Mama mkwe wangu anatumia insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na zisigande. Kwa hiyo tukisafiri naye, friji ya motahomu, lile gari letu la kulala na kupikia humo humo, si ya maji baridi tu. Siku ile nilipokuta kipimajoto kiko kwenye 14, nilizihamishia zile chupa kwenye boksi la barafu, nikamwambia mume wangu kwamba ama friji hii ipone ama safari ijayo tusitoke. Yeye akasema tununue nyingine. Mimi nikachukua bisibisi, nikafungua kidirisha cha hewa ubavuni mwa gari nitazame kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kuchungulia huko nyuma: nyingi ya friji hizi hazina kompresa, ile pampu inayovuma kwenye friji za nyumbani. Zinapoza kwa moto. Ndiyo, moto, ama wa mwali mdogo wa gesi ama wa hita ya umeme. Moto huo unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, mvuke wa amonia unapanda mpaka kwenye mapezi ya chuma kule juu, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, unapoa na kuwa kimiminika, kisha unaingia upande wa ndani ambako unakutana na hidrojeni, unageuka mvuke tena na kunyonya joto la maziwa yako. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio waliobuni mtambo huu mwaka 1922, na hadi leo hauna kipande hata kimoja kinachozunguka. Ndiyo maana unalala karibu nayo na husikii kitu. Lakini udhaifu wake wote uko kwenye yale mapezi. Hewa inayoyazunguka ikiwa ya moto, mvuke hausongani vya kutosha kuwa kimiminika, na bila kimiminika huko ndani hakuna cha kupoza. Nilipopeleka kiganja karibu na mapezi siku ile, hewa ilikuwa imesimama tu, kama ya oveni iliyozimwa sasa hivi.

Basi nikaagiza boksi la feni. Ndani yake mlikuwa na feni mbili za milimita 120, za volti 12, jamii ile ile inayopozea kompyuta. Thamostati, kifaa cha kuwasha na kuzima feni kwa kufuata joto, yenye kioo kidogo cha namba na kihisi kwenye waya mrefu. Vyuma viwili vya kushikilia, skrubu, kipande cha mkanda wa gundi, na karatasi ya maelekezo yenye picha moja. Fyuzi haikuwemo. Unamuuzia mtu kitu cha kuunganisha kwenye betri ya gari, nyuma ya mwali wa gesi, halafu fyuzi akatafute mwenyewe! Niliweka ya ampia 2, karibu kabisa na pale umeme unapotoka.

Sasa ile picha. Inaonyesha feni zimefungwa kwenye kidirisha cha chini, zinavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani. Nikatii. Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Joto lilipopanda feni zikaamka, na baada ya muda nikasikia friji ikilia tik, tik, tik, kisha kimya, kisha taa nyekundu. Mama akaniita, “Mwanangu, hiki kitaa kilikuwa cha rangi hii?” Hakikuwa. Kichomeo cha gesi kiko chini, hatua chache za vidole kutoka kwenye kile kidirisha, na feni zangu zilikuwa zinaupulizia mwali mpaka unazimika. Friji ilijaribu kuwasha tena, ikashindwa, ikajifunga. Kwa ile siku yote boksi la barafu ndilo lililookoa dawa.

Nikazihamishia juu. Hapo ndipo mahali pake: chini kidogo ya mapezi, zikitazama juu, ziunge mkono safari ambayo hewa ya moto inaifanya yenyewe kutoka kidirisha cha chini kwenda cha juu. Kabla ya kugusa chochote nilifunga gesi kwenye mtungi, nikazima friji, nikaacha ipoe. Bomba la moshi linalopanda kutoka kwenye kichomeo huwa la moto sana, na feni hizi ni za plastiki, kwa hiyo niliziacha mbali nalo, na waya nao nikaupitisha upande wa pili. Ubavuni mwa kila feni pana mshale mdogo unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Mimi mishale siiamini. Nilishika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya kidirisha cha juu: kikapeperuka kwenda nje. Nikakishika mbele ya cha chini: kikanata kwenye kidirisha. Sawa.

Sasa la kwangu. Nyuma ya friji kuna jozi mbili za nyaya za volti 12, moja nene na moja nyembamba. Nikaona nene ndiyo yenye nguvu, nikaunganisha hapo. Tukiwa njiani feni zilivuma vizuri. Tukiegesha, kimya. Nilibadilisha fyuzi, nikaitukana thamostati, nikamshuku hata mume wangu kwamba amegusa kitu. Kumbe nyaya nene ni za ile hita ya umeme, ambayo inakula ampia nyingi, kwa hiyo kwa kawaida zinapata umeme injini ikiwa inanguruma tu, betri isije ikakauka. Nyembamba ndizo za taa na ubongo wa friji, na hizo zina umeme muda wote. Ukiwa na mita, pima injini ikiwa imezimwa. Mimi mita ilikuwa kwenye droo, mkono mmoja kutoka nilipokuwa nimepiga magoti.

Kuhusu betri, usiogope. Kila feni inakula kama ampia 0.15. Zikizunguka zote mbili saa 24 bila kupumzika ni kama ampia-saa 7, na thamostati haiziachi zizunguke hivyo. Nimeiwekea ziwake mapezi yakifika nyuzi 40 na zizime yakishuka hadi 35. Usiku wa baridi haziamki kabisa.

Thamostati yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia, ila ule mkanda wa kubandikia kihisi ni mzaha. Mahali penye joto hilo gundi iliyeyuka siku ya pili, kihisi kikaning’inia hewani, feni zikawa zinachelewa kuamka. Nimekifunga kwenye pezi kwa waya mwembamba wa shaba, hakijatikisika tena. Kioo chake cha namba nilikificha ndani ya kabati, maana kinawaka bluu usiku kucha. Kupitisha waya wake ilibidi nitoboe tundu kwenye ubao, na hapa sitaki utani: nafasi ile ya nyuma ya friji lazima itenganishwe kabisa na mahali mnapolala, pasibaki upenyo, kwa sababu moshi wa gesi unapita hapo na kaboni monoksidi haina harufu. Nilijaza silikoni kuzunguka waya, nikangoja ikauke, nikaongeza nyingine. Karatasi ya maelekezo haikutaja hili hata kwa neno moja, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko picha ya feni.

Kelele zipo. Usiku wa kwanza ukuta mzima wa gari ulivuma kama mzinga wa nyuki, na Mama alilala kichwa kikiwa upande ule ule. Feni zenyewe hazipigi kelele kiasi hicho. Zilikuwa zimebanwa chuma kwa chuma na bodi ndiyo iliyoimba. Nilikata vipande vinne vya tyubu kuukuu ya baiskeli, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa dole gumba, nikavipachika kati ya feni na vyuma vyake. Sasa unasikia mvumo mdogo tu, na ukiwa umechoka hauusikii.

Kitu kilichonishangaza hakikutoka kwenye boksi. Kati ya mapezi na ukuta wa nje wa gari palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja kilichosimama. Hewa haina ujinga, inapita penye njia pana. Ilikuwa inapanda kwa kufuata ukuta na kuyaacha mapezi pembeni, feni zikisukuma hewa isiyogusa kitu. Nilikunja kipande cha bati la alumini, nikakifunga ukutani kiinamie mapezi na kuilazimisha hewa yote ipite katikati yake. Feni bila bati zilinipa nyuzi 9. Feni pamoja na bati, 7. Kama fundi aliyeifunga friji hii tangu mwanzo angeweka bati hilo, huenda nisingenunua kitu.

Pia zipo friji ambazo feni haziwezi kuziokoa. Bana karatasi mlangoni uivute. Ikitoka kirahisi, tatizo lako ni mpira wa mlango. Gari likiwa limeegeshwa limeinama, amonia haitelemki inavyopaswa, na hapo puliza utakavyo. Na ukikuta unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma au harufu kali ya amonia, mtambo umevuja, usipoteze hela kwenye feni.

Nimezitumia miezi kadhaa sasa. Asubuhi Mama ndiye anayesoma kipimajoto, anaitaja namba kwa sauti kabla hata ya salamu. Jana ilikuwa 4. Feni ya kushoto imeanza kukwaruza inapoamka, sauti inayokatika ikishapata moto. Nimeshaagiza nyingine ya ukubwa huo huo, yenye beringi za gololi, na safari hii nimeagiza feni tu, bila boksi.