Kampala hadi Nairobi: ndege ya taifa au basi?

Sisi wenye ndugu Nairobi swali hili halituishi.

Kwa nauli, basi linashinda bila ubishi, na mkungu wako wa matoke hautapimwa kilo kwa kilo. Muda ni hadithi nyingine. Basi hula usiku mzima, na mpakani Busia au Malaba unashushwa na usingizi machoni, kitambulisho mkononi. Ndege huchukua kama saa moja tu, ila jumlisha safari ya kutoka Kampala hadi uwanja wa ndege wa Entebbe, kilomita 40 hivi, na foleni za ukaguzi.

Je, uhakika? Hapa historia ina neno. Uganda Airlines, shirika letu la taifa, iliundwa 1976, wakati East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ikielekea kuvunjika; Uganda Airlines nayo ikafungwa 2001. Ilirudi Agosti 2019 na ndege ndogo za jeti aina ya CRJ900, na safari yake ya kwanza ya abiria ilikwenda Nairobi hiyohiyo. Shirika lenye ndege chache, moja ikienda matengenezo, ratiba huyumba. Basi nalo likiharibika utaletewa jingine, lini sijui, wewe umekaa kando ya barabara.

Mwenye kikao saa nne asubuhi na tiketi ya mwajiri, apande ndege. Mwenye harusi, watoto watatu na magunia? Basi, tena la usiku.