Uzoefu wangu: mafunzo ya kudhibiti hasira kwa wanaofanya kazi na vijana walio hatarini kuingizwa itikadi kali

Kwa afisa ustawi, mwalimu au mshauri nasaha anayeshughulika na vijana wa mitaa ya Kenya kama Majengo, Likoni au Kisauni, mafunzo haya ya siku mbili yanafaa, kwa kuwa yanaanza na hasira ya mhudumu mwenyewe. Mafunzo mengi humfundisha kijana kutulia tu. Anayewasajilia al-Shabaab hamwambii kijana atulie. Anamsikiliza akilalamikia msako, kitambulisho kilichocheleweshwa, ndugu aliyechukuliwa usiku asirudi. Ukianza na "punguza jazba" kabla hujalisikia lalamiko, umemrudisha huko huko.

Sehemu bora kuliko zote ni igizo la watu watatu: kijana, mhudumu na mwangalizi. Kijana anatupa neno, "Nyinyi mnalipwa na polisi," na dakika 4 zinaanza kuhesabiwa. Mwangalizi hasahihishi majibu. Anaandika tu taya lilipokaza, kidole kiliponyooshwa, sauti ilipopanda. Mhudumu anaipima hasira yake kuanzia 0 hadi 10, na akifika 6 anaomba kusimama, maana kutoka hapo anabishana tu. Jibu linalofanyiwa mazoezi ni fupi: "Naona huniamini. Niambie kilichotokea." Basi, bila kujitetea.

Ukiomba mapumziko, taja muda: "Nipe dakika 20, narudi hapa hapa." Ukiondoka kimya, kijana anaona umemdharau.

Zoezi la kupumua ni kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, mara 5, haifiki hata dakika moja. Wengi huvuta pumzi kubwa za harakaharaka wakapata kizunguzungu. Kinachotuliza mwili ni kule kutoa taratibu. Ila zoezi linafanywa mmekaa, macho mmefumba, na maskani hakuna anayeweza kufumba macho mbele ya vijana kumi. Ombeni mlirudie mmesimama, macho wazi.

Mawili yameniudhi sana. Kijana wa kwenye igizo alielezwa kwa kanzu na ndevu, kana kwamba dini yake ndiyo dalili. Hilo ni kosa zito, linawatia shaka vijana wasio na hatia. La pili, askari waliketishwa pamoja na wahudumu, na mbele yao hakuna aliyethubutu kusema kinachomkasirisha kazini. Kabla ya kujiandikisha, ulizeni nani watakuwemo ukumbini, na kama kuna vikao vya kufuatilia kila mwezi baada ya hapo.